Wingu Likitanda, Anua na za Jirani

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya vijana, wazazi na wazee wa mitaa yetu ya Kigoma Ujiji. Mvua iliwazuia wengi kufika, na baadhi yenu mmenipigia simu mkiomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Mwakeye!

Asanteni kwa kuitikia. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mashehe wetu, Asalaam aleikum. Mapadri na wachungaji, Bwana asifiwe. Kina mama wenzangu wa mwaloni, mnaopokea dagaa mitumbwi ikiingia, poleni na mvua. Na nyie wanangu mliosimama pembeni mkishikilia nguzo za turubai lisituangukie, Mungu awabariki. Hakuna aliyewatuma, nimewaona mkinyanyuka wenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya wema. Mimi si mhubiri. Nimekuwa muuguzi na mkunga kwa miaka 34, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa muuza dagaa wa Katonga. Kwa hiyo nitawaambia niliyoyaona mwaloni na wodini, basi.

Nianze na mwaloni.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Enzi hizo wavuvi walikuwa wakitoka jioni na karabai zao, na usiku ukisimama ufukweni ungedhani kuna mji mwingine umeota katikati ya ziwa. Alfajiri mitumbwi inaingia, kina mama wananunua kwa ndoo, wanaanika mchangani. Jua likiwaka siku nzima, jioni unaanua dagaa wakavu, ukiwashika wanalia kama majani makavu. Mvua ikiwawahi, wanalainika, wananuka, wanakuwa chakula cha kuku. Mtaji umekwenda.

Siku hiyo mama alikuwa amekwenda Ujiji, akaniachia kazi ya kulinda. Jirani yetu, mama mmoja mjane, naye hakuwepo. Alikuwa amempeleka mtoto wake zahanati. Saa nane mchana wingu zito likatanda juu ya ziwa. Nikakimbia. Nikaanua dagaa zetu kwa beseni, kwa kanga, kwa mikono, nikawafunika na turubai, nikaketi juu ya ukingo wa turubai upepo usilibebe. Moyoni najisifu.

Dagaa wa jirani walikuwa hatua sita kutoka nilipoketi. Hatua sita. Nikawatazama wakinyeshewa. Mpaka leo nawaona: maji yakiwazoa kwenye vijifereji vya mchanga, wakielea kwa mafungu kurudi ziwani, kana kwamba wameamua kwenda nyumbani.

Mama aliporudi akasema, "Umefanya vizuri mwanangu. Za mwenzetu ziko wapi?"

Nikajibu, "Sijaambiwa."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na mvua, yenyewe iliambiwa?"

Hakunichapa. Alifunua turubai, akagawa dagaa zetu mafungu mawili, sawa kwa sawa, akanitwisha fungu moja. "Peleka." Nililia njia nzima, wanangu. Nililia kwa sababu nilijua mwezi ule sare mpya ya shule haipo tena. Nilipofika kwa jirani na kutua beseni, yule mama hakusema kitu. Aliinama akachota dagaa kwa viganja viwili, akawanusa, akakaa chini. Mtoto wake alikuwa mgongoni, ana homa.

Sasa niwaulize. Je, mama yangu alinifundisha kugawa? Kwa miaka mingi nilidhani hivyo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba kugawa ilikuwa adhabu tu. Somo lilikuwa lile swali: mvua iliambiwa? Shida haipigi hodi. Shida haiandiki barua kwa mjumbe. Basi kwa nini wema wetu usubiri mpaka uombwe, upigiwe magoti, upelekewe barua?

Sijaambiwa! Hilo ndilo neno letu. Mtoto wa jirani wiki ya pili haendi shule: sijaambiwa. Bibi anayeishi peke yake hajafungua mlango tangu jana: sijaambiwa. Kijana wa bodaboda amekaa na pikipiki yake tangu asubuhi, ameinamisha kichwa, hachangamki hata wenzake wakitania: sijaambiwa. Tukikutana msibani tunalia na kusema, "Jamani, mbona hakutuambia?"

Nendeni mkaulize wauguzi. Wagonjwa wengi niliowapokea wakiwa wamechelewa, nyumbani kwao palikuwa na watu. Palikuwa na macho ya kutosha. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema, "Mama fulani, rangi yako leo siipendi, vaa twende." Nimepoteza kina mama watatu wa wodi ya wazazi ambao mpaka leo nawakumbuka kwa sura, na wawili kati yao jirani alikuwa ameona miguu imevimba siku kadhaa kabla. Aliona. Alidhani si mahali pake kusema. Kina baba, mjamzito akivimba uso na mikono, akilalamika kichwa na macho kuona ukungu, hiyo ni hatari ya leo, haingoji kesho. Hata kama si mke wako. Sema.

Hilo limetosha. Nataka niwapeleke ziwani tena.

Huku kwetu tumezoea kuitwa watu wa mwisho wa reli. Treni inatoka Dar es Salaam, inatembea kilomita zaidi ya 1,200, inafika pale stesheni yetu, mbele yake ni maji. Mwisho. Na sisi tumelichukua jina hilo tukajivika. Tunasema: sisi wa pembezoni, sisi tuliosahauliwa, sisi wa kusaidiwa. Kuna ukweli ndani yake, sikatai. Lakini naomba niwaulize: mwisho wa reli kwa nani?

Mtu anayetoka Kongo akivuka ziwa usiku, anaona nini kwanza? Taa zetu. Mtu anayeteremka milima ya Burundi na mtoto mgongoni, anamkuta nani kwanza? Sisi. Kwake yeye hapa ndipo reli inapoanzia. Kwake yeye sisi ndio mlango.

Wazee mnaukumbuka mwaka 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, na siku chache baadaye vurugu zikaanza. Wabelgiji waliokuwa wakiishi ng'ambo wakavuka ziwa kuja Kigoma, familia na masanduku, mji ukajaa. Fikirini: jana yake walikuwa mabwana wa nchi nzima, leo wanalala kwenye mabohari ya wenyewe. Siku zizo hizo alifika hapa msichana wa Kiingereza wa miaka 26 akielekea Gombe kuchunguza sokwe. Jina lake mnalijua, Jane Goodall, aliyefariki Oktoba mosi mwaka 2025 akiwa na miaka 91. Msichana huyo alikuwa ameongozana na mama yake, Vanne, kwa sababu wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini bila mwenzake. Wakakwama Kigoma kwa ajili ya ile ghasia, na badala ya kukaa wakisubiri, mama na binti waliingia kusaidia kuwaandalia wakimbizi mikate yenye nyama ya kopo.

Watu wakisimulia habari za Gombe humtaja binti. Mimi moyo wangu uko kwa mama. Walipofika Gombe mwezi Julai, binti alikuwa akipanda milima kuwatafuta sokwe ambao walikuwa wakimkimbia. Mama alibaki chini, kwenye hema. Hakujua sokwe. Hakuwa daktari. Alikuwa na sanduku la dawa za kawaida, za maumivu, za vidonda. Akaanza kuwahudumia wavuvi waliopiga kambi ufukweni: huyu kidonda, yule kichwa, mwingine homa. Alikaa miezi michache tu akarudi kwao, lakini wavuvi wale wakawa wamemzoea binti kupitia mikono ya mama yake. Kazi ile kubwa iliyokuja kujulikana duniani kote, mlango wake ulifunguliwa na mtu aliyekuwa akiosha vidonda.

Una nini kwenye sanduku lako? Hilo ndilo swali. Usiniambie nini huna.

Twende 2015. Hapa wengi mlikuwa na akili zenu, mnajua ninachosema. Kuanzia Aprili ile Warundi walianza kukimbia, na makumi ya maelfu wakateremkia Kagunga. Aliyewahi kufika Kagunga anajua: ni ukanda mwembamba wa ardhi, mbele ziwa, nyuma mlima umesimama kama ukuta. Kijiji kidogo kikabeba watu kuliko kinavyoweza kubeba. Maji yakawa hayatoshi, vyoo havitoshi, na kipindupindu kikaingia. Liemba ikapelekwa kuwachukua. Meli ile ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikabeba mizinga katika vita kuu ya kwanza, ikazamishwa, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Kagunga haina gati la kuifaa, kwa hiyo ilisimama mbali na watu wakapelekwa kwa mitumbwi, wakapandishwa mmoja mmoja, kizee, mjamzito, mtoto. Walipofika Kigoma wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Nilikuwa uwanjani pale. Naomba niwasimulie jambo moja tu.

Kipindupindu kinaua kwa kukausha. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kuingia asubuhi akitembea, na jioni macho yamezama, ngozi ukiivuta hairudi. Waliozidiwa tuliwatundikia dripu. Lakini wengi walihitaji kitu ambacho kila nyumba hapa inacho: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Shida ni kwamba anayetapika humpi kikombe, atakirudisha chote. Unampa kijiko kimoja. Unasubiri kidogo. Unampa kingine. Nani ana muda huo? Wauguzi tulikuwa wachache, wagonjwa wamelala mstari.

Usiku huo alikuja kijana mmoja wa bodaboda. Alikuwa ameleta abiria, akachungulia, akaniuliza, "Mama, mimi nifanye nini?" Nikamwonyesha pa kunawa, maji ya klorini, nikamkabidhi kikombe, kijiko na mzee mmoja wa Kirundi aliyekuwa hata kope haziinui. Nikamwambia, "Mpe kijiko, hesabu mpaka mia, mpe kingine. Usimwache." Nikaenda kwa wengine.

Saa tisa usiku nikapita tena. Kijana amekaa pale pale chini, kichwa cha mzee amekiegemeza pajani. Anamsemesha kwa Kiha, mzee anamjibu kwa Kirundi, na mnajua lugha hizo ni ndugu, wanaelewana. Nikasikia anamuuliza habari za ng'ombe wake. Mzee anataja majina ya ng'ombe aliowaacha. Kila jina, kijiko. Kila jina, kijiko.

Lita moja, wanangu, ni vijiko vya chai mia mbili. Kijiko kimoja si kitu, ukimwaga chini hakiloweshi hata mchanga. Yule kijana alimpa mzee zaidi ya mia mbili usiku ule. Asubuhi mzee alikojoa. Msicheke! Kwa mgonjwa wa kipindupindu, mkojo ni habari njema kuliko hotuba zote. Maana yake mwili umerudi. Kijana akasimama, akanawa, akawasha pikipiki akaenda kutafuta hesabu ya bosi wake, kwa sababu usiku mzima alikuwa hajaingiza hata shilingi. Sikumuuliza jina. Huwa najilaumu kwa hilo.

Najua kuna mtu hapa moyoni anasema: Bibi, maneno matamu, lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nakubaliana nawe kabisa. Ila hebu tuisome methali yetu vizuri. Haisemi siku ya tatu mfukuze. Haisemi mtukane. Inasema mpe jembe! Jembe ni heshima. Anayekupa jembe amekuona una mikono, amekuhesabu miongoni mwa watu wa nyumba. Huyo huyo Jane Goodall, miaka mingi baadaye, aliruka kwa ndege juu ya Gombe akaona vilima vya jirani vimebaki upara, miti imekwisha. Akatambua kwamba huwezi kumlinda sokwe huku mwanakijiji hana kuni wala shamba lenye rutuba. Ndipo mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE, vijiji vyetu vikaanza na vitalu vya miti, maji, mikopo midogo ya kina mama. Hilo ni jembe. Wema una siku ya uji na una siku ya jembe. Mwenye busara anajua leo ni siku gani.

Sasa jambo gumu kidogo. Nivumilieni.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri mkoa mwingine kufuatilia karatasi fulani. Ofisi siitaji. Nilifika saa mbili asubuhi, nikapanga foleni, nikafika dirishani. Kijana aliyekuwa pale, umri wa mwanangu wa mwisho, akasoma fomu: kuzaliwa, Kigoma. Akainua uso. "Babu yako alizaliwa wapi?" Nikamtajia. "Na baba wa babu yako?" Nikamtajia. Akawaambia wenzake kwa sauti, "Hawa wa Kigoma, nani anajua wametoka wapi." Wakacheka. Akaniambia nisubiri pembeni.

Wangapi hapa yamewapata hayo? Inueni mikono. Mnaona? Mnaona wenyewe?

Nilisimama pembeni mpaka saa saba. Nimezalisha watoto wa nchi hii kwa miaka 34, nimesimama ukutani kama mwizi. Alitokea mama mmoja mfagizi, ufagio mkononi. Hakujua mimi nani. Aliingia ndani akatoka na kiti cha plastiki, akakifuta kwa kanga yake, akaniwekea. "Kaa mama yangu. Miguu hiyo." Kisha akaleta maji kwenye kikombe. Karatasi sikuipata siku ile. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa bado mtu, kwa sababu ya kiti.

Na sasa nawauliza nyie mlioinua mikono. Uchungu huo tunaujua. Mbona basi na sisi sokoni tunawaambia wenzetu, "We Mrundi, rudi kwenu"? Mbona mama wa Kikongo akileta vitenge vyake tunambana bei huku tukimdhihaki lafudhi? Nchi hii iliwapokea waliokimbia Burundi mwaka 1972, ikawapa ardhi Katumba, Mishamo, na Ulyankulu kule Tabora. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa Tuzo ya Nansen kwa ajili ya namna Tanzania ilivyowatendea wakimbizi. Baadaye watu zaidi ya 160,000 wa makazi yale wakapewa uraia. Nchi ilitoa ardhi, nchi ilitoa uraia. Mimi na wewe tunashindwa kutoa kiti?

Mambo ya mipaka na vibali yana wenyewe, na sheria iheshimiwe. Mimi nasema habari ya kiti. Habari ya kikombe cha maji. Habari ya kutomcheka mtu mzima mbele za watu. Hayo hayahitaji kibali cha waziri.

Vijana, mnaniuliza mara nyingi, "Bibi, tuanzie wapi? Hatuna hela." Nimewasikia. Sitawapa orodha. Nitawapa kesho.

Kule mwaloni, upande wa kushoto ukishuka, kuna chanja tatu za mama mmoja ambaye tangu Alhamisi yuko hospitali na mwanae aliyelazwa. Mbalamwezi imekwisha, taa zinavuta tena dagaa, wavuvi wamerudi ziwani, na mzigo wake alishaulipia kabla hajaondoka. Boti zinaingia kabla ya jua. Mtu wa kuupokea hayupo, wa kuanika hayupo, na mnaliona wingu lilivyo wiki hii. Hajatuma ujumbe kwa mtu. Nimejua kwa sababu jana nilipita nikaona chanja tupu.

Atakayeweza aje na ndoo na kipande cha turubai. Tukiwa sita tunatosha. Mwenye kanga ya zamani ailete, tutafunikia. Na mmoja wenu mwenye pikipiki awe tayari mchana kumpelekea mama huyo chakula hospitali, amwambie dagaa zake wameanikwa na kuna watu wanalinda. Mimi nitakuwa pale saa kumi na moja alfajiri.